Madoa sugu kwenye nguo za nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayorudi kila mara kutoka kwa wanaofua nguo za familia: sare za shule, kanzu za Ijumaa, mashuka, nepi, fulana za mpira. Majibu yamemlenga anayefua kwa mikono, kwenye beseni, kwa sabuni ya mche au ya unga. Mwenye mashine atayatumia pia, ila asikimbilie kuiwasha kabla hajalishughulikia doa lenyewe pembeni.

Nianze na nini hata kabla ya kutafuta dawa?

Jua doa limetokana na nini. Madoa mengi ya nyumbani ni ya aina nne. Yapo ya protini: damu, maziwa, yai, kinyesi cha mtoto. Yapo ya mafuta, ya kula au ya gari. Yapo ya mimea, kuanzia chai mpaka utomvu wa ndizi. Na yapo ya madini, yaani udongo na kutu. Kinachotoa aina moja mara nyingi ndicho kinachoigandisha nyingine, ndiyo maana ushauri wa jirani unafanya kazi kwake na kwako unaharibu.

Ukishajua, usisugue kwa hasira. Gandamiza kwa kitambaa safi ili kinyonye, ukitoka ukingoni mwa doa kuelekea katikati lisije likatanuka. Mwagia maji upande wa nyuma wa kitambaa, maana kilichoingilia mbele kinatoka kirahisi kwa kurudishwa kilikotoka. Dawa yoyote mpya ijaribu kwanza kwenye pindo la ndani. Na kabla hujapiga pasi, inua nguo kwenye mwanga uikague ikiwa bado mbichi. Doa lililopigwa pasi ni kazi nyingine kabisa.

Damu nitaitoaje?

Maji baridi, na mapema. Maji ya moto yanaiivisha protini ya damu ndani ya nyuzi, kama ute wa yai unavyoganda kwenye kikaango, na hapo utafua mpaka shuka lichakae. Suuza kwa maji yanayotiririka mpaka yatoke meupe, kisha paka sabuni ya mche, fikicha taratibu, suuza tena kwa maji yaleyale ya baridi.

Damu iliyokauka inataka kulowekwa usiku kucha kwenye maji baridi yenye sabuni ya unga. Soma pakiti: sabuni nyingi za unga siku hizi zina vimeng'enya, na baadhi ya hivyo kazi yake ni kukatakata protini. Vinahitaji muda, si nguvu za mikono. Ukivimwagia maji yanayochemka umeviua, sabuni inabaki povu tu. Usivitumie kwenye hariri wala sufu, kwa kuwa nazo ni protini.

Likibaki waa la kahawia kwenye kitambaa cheupe, nunua haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kusafishia vidonda inayouzwa famasi. Dondoshea, itachemka povu jeupe palepale, futa, rudia. Kwenye nguo ya rangi iliyokolea inaweza kupausha, kwa hiyo jaribu kwanza pindoni.

Doa la mchuzi lilikuwa la manjano. Nimetia sabuni limegeuka jekundu! Nimeiharibu kanzu?

Hujaiharibu. Manjano, ile binzari ya njano ya kwenye mchuzi, ina rangi inayobadilika ikikutana na kitu chenye magadi, na sabuni ya mche ni ya namna hiyo. Suuza vizuri au dondoshea ndimu, utaona wekundu unarudi kuwa njano. Doa ni lilelile, halijaongezeka. Watu wengi wakiona ule wekundu wanashtuka na kukimbilia jiki, wakati dawa ipo juu ya kichwa chako bure.

Ni jua. Rangi ya manjano ni ngumu mbele ya sabuni lakini ni dhaifu mbele ya mwanga. Kwanza ondoa mafuta ya mchuzi, maana ndiyo yanayoishikilia rangi: tone la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, fikicha kwa maji ya uvuguvugu, suuza mpaka povu liishe. Kisha anika kanzu ikiwa mbichi, doa likitazama jua kali la saa sita. Likikauka na bado unaliona, lowesha uanike tena. Asubuhi kanzu ilikuwa na kiraka cha njano kifuani, na jioni unaanza kubishana na mwenzako kilikuwa upande gani.

Kwa dera au kitenge, tahadhari: jua hilohilo linapausha rangi ya kitambaa. Funika sehemu nyingine kwa taulo, uache doa peke yake wazi.

Mawese nayo ni vilevile. Wekundu wake unatokana na rangi inayovunjwa na mwanga, kwa hiyo toa mafuta kwanza, halafu jua.

Jiki inafaa kwa doa lipi?

Kwa machache kuliko tunavyodhani. Tunasema jiki hata kama chupa ina jina jingine; maana yake ni ile dawa ya maji yenye klorini. Mahali pake ni pamba nyeupe: mashuka, taulo, vitambaa vya jikoni, fulana za ndani. Kwenye hariri na sufu inakula nyuzi zenyewe. Kwenye mpira wa kiunoni na nguo za kuvutika inaua mvutiko. Kwenye kutu inaligandisha doa. Kwenye njano ya kwapani inazidisha unjano. Na kwenye nguo ya rangi, mjuavyo.

Pale inapofaa, fua kwanza kwa sabuni, suuza, ndipo utie jiki kwenye maji baridi kwa kipimo cha kwenye chupa. Usiimimine mbichi juu ya kitambaa. Ukiimwaga hivyo, shuka linaonekana safi leo, halafu linachanika palepale penye doa baada ya kufuliwa tena na tena, watu wanalaumu kitambaa. Jiki iliyokaa miezi mingi kwenye joto imepungua nguvu, lakini hilo si ruhusa ya kuongeza kipimo kwa kukisia.

Sasa lililo zito: jiki haichanganywi na kitu. Ikikutana na ndimu, siki au dawa ya choo yenye asidi inatoa gesi ya klorini, inayobana kifua na kuunguza macho, na kwenye bafu lisilo na dirisha inaweza kuua. Ikikutana na amonia inatoa gesi nyingine ya sumu, na mkojo uliolala una amonia, kwa hiyo nepi na mashuka ya mtoto yasuuzwe kwa maji matupu kwanza. Na tafadhali, isihamishiwe kwenye chupa ya maji ya kunywa. Mtoto mwenye kiu hasomi lebo.

Kola za mashati ya shule zina mstari mweusi usiotoka.

Huo ni mchanganyiko wa mafuta ya ngozi, jasho na vumbi la njiani, na kinachoushikilia ni mafuta. Lowesha kola, paka sabuni ya mche mpaka iwe na tabaka unaloliona, au sabuni ya kuoshea vyombo, acha nusu saa shati likiwa limekunjwa lisikauke. Kisha pitisha mswaki mzee kwa mwendo wa upande mmoja, ukifuata nyuzi. Brashi ya sakafu inaitoa manyoya kola, na kola yenye manyoya inanasa uchafu mara mbili.

Mashati mengi ya shule si pamba tupu, yamechanganywa na nyuzi za plastiki, na nyuzi hizo zinapenda mafuta. Ukiacha mpaka Jumapili usiku ufue ya wiki nzima, mafuta yamezama. Kola ipakwe sabuni siku ileile shati linapovuliwa, hata kama kufua ni baadaye.

Buluu? Itumie ukipenda, tone kwenye maji ya mwisho. Haitoi doa wala uchafu, inalidanganya jicho lione weupe. Ikizidi, shati linakuwa la samawati na mwalimu wa zamu atakuuliza.

Kwapani kumekuwa njano na kugumu. Ni jasho tu?

Jasho peke yake ni nusu ya kosa. Dawa nyingi za kuzuia jasho zina chumvi za alumini, na zikikutana na jasho zinaacha ule ukoko. Loweka sehemu hiyo kwenye siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, au maji ya ndimu, kwa saa moja. Suuza kabisa, kisha sabuni. Vaa shati dawa ikiwa imeshakauka mwilini, hilo ndilo linalopunguza kazi. Jiki hapa hapana, nimeshasema.

Utomvu wa mgomba na maji ya mabibo yanatoka kweli?

Mtu akikuahidi kwamba yanatoka yote, muulize kwao wapi. Bukoba, Moshi au Tukuyu hakuna anayekwenda kukata mkungu na shati la ibada. Watu wana nguo za shambani, na si kwa sababu ya umaskini. Mtwara na Lindi msimu wa korosho ni hadithi hiyohiyo kwa mabibo.

Ubaya wa utomvu wa ndizi ni kwamba ukiwa mbichi hauna rangi ya kuonekana. Umemenya ndizi za mtori, umejifuta kwenye kanga, hujaona kitu. Ukigusana na hewa unabadilika, unakuwa kahawia, kisha mweusi, na umeshashikamana na nyuzi za pamba. Sabuni ya mche inauharakisha kuwa mweusi, ndiyo maana wengine huapa kwamba doa "limetokea kwenye kufua". Limetokea kweli.

Kwa hiyo dirisha lako ni dakika za mwanzo. Utomvu ukiwa bado unanata, paka mafuta ya kula kidogo, fikicha, kisha toa mafuta kwa sabuni ya kuoshea vyombo. Maji ya mabibo yasuuzwe palepale kwa maji mengi. Likishakuwa la kahawia, kwenye rangi jaribu unga wa kutoa madoa usio na klorini, ule wa oksijeni, uloweke kwa saa kadhaa kwenye maji ya uvuguvugu. Kwenye pamba nyeupe hapa jiki inaruhusiwa. Tegemea lipungue kuliko liishe.

Na tofautisha mabibo na mafuta ya ganda la korosho. Mafuta hayo yanaunguza ngozi. Nguo iliyoyapata ishikwe kwa glavu na isifuliwe na za watoto.

Chai, kahawa, zambarau, embe?

Kanuni ni ileile ya mimea: usianze na sabuni ya mche. Chai ya rangi na zambarau kwenye pamba imara, tandaza kitambaa juu ya beseni na umwagie maji ya moto kutoka juu, yapite katikati ya doa. Kisha sabuni ya unga, na ndimu kidogo kwa kilichobaki. Chai ya maziwa ni jambo jingine, ina protini, kwa hiyo maji baridi yatangulie. Mtu akiniambia "doa la chai", swali langu la kwanza ni kama ilikuwa na maziwa.

Udongo mwekundu kwenye soksi na bukta za mpira?

Usiuloweshe. Wekundu wake ni kutu ya chuma iliyosagika laini kuliko unga, na ukiusugua ukiwa tope unausukuma ndani. Uache ukauke kabisa, kung'uta, piga brashi kavu, halafu suuza kwa maji mengi bila sabuni mpaka maji yaache kuwa mekundu. Ndipo uloweke kwa sabuni ya unga. Waa la rangi ya chungwa likibaki kwenye soksi nyeupe, lichukulie kama kutu.

Na kutu yenyewe?

Inatoka kwenye misumari, zipu za zamani, waya wa kuanikia. Kamulia ndimu, nyunyiza chumvi, weka juani, ongeza ndimu ikikauka. Asidi inaiyeyusha kutu ikatoka na maji. Rudia, kisha suuza sana. Maji ya ndimu yanaweza kupausha rangi, kwa hiyo nguo za rangi zisiachwe nayo kwa muda mrefu. Halafu badilisha huo waya uweke kamba ya nailoni.

Kalamu imevuja mfukoni.

Spiriti ya famasi, au sanitaiza isiyo na rangi yenye pombe nyingi. Weka kitambaa cheupe cha zamani ndani ya mfuko, chini ya doa. Dondoshea spiriti kwa pamba, gandamiza, utaona wino unahamia kitambaa cha chini. Sogeza kitambaa pawe pakavu, rudia mpaka kisipokee tena. Hapo ndipo maji na sabuni. Ukianza na maji wino wa kalamu ya kawaida unatanuka. Wino wa kalamu za jeli ni mkaidi zaidi, na wa maka ya kudumu usijipe matumaini makubwa.

Grisi ya mnyororo wa baiskeli au pikipiki?

Kwangua inayokwanguka, nyunyiza unga wa muhogo au poda ya mtoto inyonye, acha, kung'uta. Kisha sabuni ya vyombo ipakwe kwenye kitambaa kikavu, kabla ya maji. Watu wengi wanalowesha kwanza, na maji yanaizuia sabuni isiyafikie mafuta.

Mafundi wanatumia mafuta ya taa. Nami nitumie?

Kwa rangi ya mafuta na lami, yanafanya kazi. Lakini mbali na jiko la mkaa, nje penye hewa, kiasi cha kulowesha kitambaa tu, na nguo ikauke nje kabla ya kufuliwa kwa sabuni mara mbili. Isiingie kwenye mashine ikiwa na harufu. Petroli, hapana, hata kidogo. Na chupa ya soda isitumike kuhifadhia mafuta ya taa. Watoto wameyanywa wakidhani ni kinywaji.

Nguo za kwenye sanduku zimeingia kawa.

Vile vidoa vyeusi ni kuvu, na masika, Machi hadi Mei, ndiyo sikukuu yao kwa watu wa pwani. Zikung'ute nje ya nyumba, fua kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, anika jua la kutosha. Pamba nyeupe inapokea jiki, ya rangi ule unga wa oksijeni. Kuvu wenyewe wanakufa mapema, ila rangi yao mara nyingine inabaki ndani ya uzi. Nguo "karibu ikauke" isikunjwe. Hiyo karibu ndiyo inayozaa kawa.

Nepi za kitambaa zimebaki na unjano.

Ikiwa ni za mtoto anayenyonya, suuza kwa maji baridi, fua, anika juani zikiwa mbichi. Unjano huo unavunjwa na mwanga. Hakuna haja ya dawa kali kwenye kitu kinachogusa ngozi ya mtoto mchana kutwa.

Nguo nyekundu imechujia nyeupe. Chumvi itasaidia?

Chumvi haishikizi rangi iliyokwisha kutiwa kiwandani, wala siki. Kanga mpya ifuliwe peke yake mara za mwanzo, basi. Nyeupe iliyochujiwa isikauke: irudishe kwenye maji na sabuni mara hiyohiyo, rangi ngeni ikiwa mbichi haijashika.

Ninafua kwa maji ya kisima, kila kitu kinakuwa kijivu.

Maji yako ni magumu. Madini yake yanaungana na sabuni ya mche na kufanya utando, huo utando ndio ukijivu, na ndio unaonasa madoa mapya. Sabuni ya unga inayavumilia zaidi. Au tia magadi kidogo kwenye maji kabla ya sabuni, kijiko kwa ndoo, koroga, acha yatulie, tumia ya juu. Ni magadi yaleyale ya kutilia maharage. Si kwa hariri, si kwa sufu, na ukifua doa la manjano utaona wekundu wa ajabu. Ukiweza, maji ya mvua yawe ya kusuuzia nguo nyeupe.

Jojo kwenye suruali?

Barafu mpaka liwe gumu, libandue kwa nyuma ya kisu.

Nimpelekee dobi lini?

Suti, hariri, sufu, nguo ya kukodi, na buibui yenye nakshi za kubandikwa. Mwonyeshe doa kwa kidole, usimwachie furushi. Mwambie limetokana na nini, lina siku ngapi, na zaidi ya yote umeshatia nini. Watu wanaficha hilo la mwisho kwa aibu, dobi anatia asidi yake juu ya jiki yako, na aliyevuta hiyo hewa ni yeye. Mwombe pia asipige pasi kama doa halijatoka, akurudishie hivyohivyo.